Mali ya Abdulla katika Baridi ya Njombe

Mwaka 1858 ulizaa mambo mawili yasiyojuana. Upande wa kaskazini wa mwambao, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa wasia, akamfunza pamoja na mengine jinsi mwanamke anavyopaswa kujipamba na kujistahi. Mjini Paris, Mwingereza mmoja aliyeitwa Charles Frederick Worth alifungua nyumba ya mavazi katika mtaa wa Rue de la Paix, na haikupita miaka mingi akawa anamvisha Eugénie, mke wa mfalme Napoléon wa Tatu. Wanaoandika historia ya mitindo humwita Worth baba wa mavazi ya fahari, na sababu yao si sindano yake tu. Kabla yake mshonaji alikuwa fundi asiye na jina: bibi mkubwa alimwita nyumbani, akampa kitambaa na kumwambia anataka nini. Worth aliyageuza mambo. Yeye ndiye aliyebuni na mteja akaja kuchagua. Na ndani ya gauni, katika utepe wa kiunoni usioonekana na mtu ila mvaaji mwenyewe, akatia jina lake kama mchoraji atiavyo sahihi chini ya picha.

Mwambao wa Afrika ya Mashariki nao ulipata nyumba yake. Mwaka 1887, Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianzisha biashara ya nguo ambayo watu wa mji waliijua, na bado wanaijua, kwa jina la Abdulla. Duka lake katika Mtaa wa Biashara likawa mahali pa kwenda mwanamke aliyetaka kuonekana. Nguo zake zilitiwa alama: K.H.E., na mbele yake maneno matatu, Mali ya Abdulla. Nyumba hii haikupata sifa yake kwa kukata gauni wala kupima kiuno cha mtu. Ilichouza ni kipande cha pamba chenye pembe nne, urefu wa kama mita moja na nusu, upana wa zaidi kidogo ya mita moja, kisichotaka kifungo wala mkono wala shingo. Wa Paris wangecheka. Hata hivyo katika nguo hiyo isiyoshonwa mna kila kitu ambacho Worth alikitafuta: ubunifu, sahihi ya mwenye nyumba, toleo jipya la kusubiriwa kwa hamu, na wateja wasiokubali kuonekana na la zamani.

Msomaji wa visiwani hahitaji kusimuliwa kwa urefu kanga ilikotoka. Inatosha kukumbusha kwamba wanawake walianza na leso, vitambaa vya mkononi vilivyoletwa vikiwa havijakatwa katika jora. Wakavikata sita sita, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja ambayo haikuwa na mfano. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo ipigwe chapa nzima kwa kipande kimoja, na yale madoa meupe juu ya rangi nzito yakawakumbusha watu ndege kanga. Mombasa wakabaki na jina la leso, Unguja wakashika la kanga, na huko bara wengi wakatia h isiyotamkwa na mtu, wakaandika khanga. Hiyo h ni kama kofia aliyovaa mgeni ili afanane na wenyeji. Imekaa, na hakuna wa kuivua.

Linalostahili kukaziwa zaidi ni jambo la pili. Kabla ya kanga, nguo ya mtumwa ilikuwa merikani, pamba ghafi iliyoletwa na majahazi makubwa ya Salem huko Marekani, na kaniki, ambayo ni nguo hiyo hiyo ikitiwa nili ikawa karibu nyeusi. Amri ya kufuta utumwa ilipotolewa Unguja mwaka 1897, mwanamke aliyekuwa jana akivaa kaniki aliivua, na alichojitanda badala yake kilikuwa kanga. Hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba ya mawe, hakuwa na nasaba ya kutaja barazani. Alikuwa na doti moja mpya. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa kina juu ya wakati huo, na jambo linaloonekana katika kazi yake ni kwamba nguo haikuufuata uungwana bali ilitangulia, mtu akajivisha hadhi kabla ya kupewa. Kwa hivyo wale wanaoita kanga nguo ya jikoni wanasema kweli nusu. Iliingia jikoni baadaye. Mwanzo ilikuwa nguo ya kutokea nje.

Sasa maneno. Husemwa kwamba ni Abdulla huyu huyu, mwanzoni mwa karne ya 20, aliyeanza kutia jina katika kanga, yaani ule mstari mmoja ukaao chini ya mji wa nguo, juu kidogo ya pindo. Kwanza maneno yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa hati ya Kirumi. Ikiwa ni yeye au jirani yake wa dukani, nyumba yake ndiyo iliyoifanya desturi hiyo kuwa biashara. Na hapa ndipo nyumba ya Mombasa inapoachana na nyumba ya Paris. Worth alificha jina lake ndani, likaigusa ngozi ya mvaaji, na hakuna mwingine aliyelisoma. Abdulla aliandika nje, na zaidi ya hayo hakuandika jina lake peke yake. Lake aliliweka dogo, pembezoni. Katikati aliandika la mvaaji. Mwanamke akijifunga kanga kwa desturi, jina hukaa nyuma, chini ya kiuno. Yeye mwenyewe halioni. Wanaoliona ni wanaomfuata njiani, na mara nyingi mmoja kati yao ndiye aliyekusudiwa.

Wapenzi wa ushairi wameipa kanga heshima ndogo kuliko inayostahili. Tunazo juzuu za uchambuzi wa tenzi na tarbia, lakini mstari wa kanga huachiwa wataalamu wa mila na watalii. Tuuhesabu basi kama tunavyohesabu shairi. Usisafirie nyota ya mwenzio: mizani sita kabla ya kituo, sita baada yake. Japo sipati tamaa sikati: mitano na sita, na vina vya ti viwili, kimoja cha kati na kimoja cha mwisho, vimekaa mahali pake kana kwamba vimepimwa kwa uzi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ambayo ni methali ya zamani iliyohamia kwenye nguo, ina mitano na sita vile vile. Kisha liko lile linalojulikana na kila mtu, la simba na meno yake na mtu na maneno yake. Humo meno yamelala ndani ya maneno, na mzaha wote wa mstari umo katika silabi moja iliyozidi. Mtu anayejua kazi ya kutunga atatambua kwamba mistari hii haikutoka kwa karani wa duka aliyekuwa akihesabu jora. Imepita katika vinywa vingi. Imesuguliwa na ngoma, na taarabu, na ugomvi wa mitala, hata ikabaki na yale tu yasiyoweza kupunguzwa.

Basi hii ni diwani ya mstari mmoja mmoja, na mchapishaji wake ni muuza nguo. Swali la ni wapi diwani hiyo husomwa halijibiwi Mombasa wala Unguja. Ni lazima kupanda mlima.

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwa Morogoro, Iringa na Mafinga hufika hapo ikielekea Mbeya na Tunduma. Na hapo hapo hutoka tawi la kusini liendalo Njombe, kilomita 60 hivi, na kuendelea hadi Songea. Reli ya TAZARA nayo, ambayo tangu Dar es Salaam imepita mbali kwa njia ya bonde la Kilombero, hupanda ukingo wa milima kutoka Mlimba kwa mahandaki na madaraja, sehemu ngumu kuliko zote za reli hiyo, na mahali inapokutana tena na barabara kuu ni Makambako. Hakuna mtu wa Nyanda za Juu Kusini asiyewahi kupoteza saa mbili za maisha yake Makambako akisubiri gari. Upepo wake unajulikana. Ni upepo mkavu, hauna chumvi, na mgeni aliyetoka mwambao na shati la mikono mifupi hujuta kabla hajashuka ngazi za basi.

Njombe ni baridi zaidi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mto Ruhuji huanguka maporomoko kando ya barabara kama kwamba mji umejengwa kwa ajili ya kuyatazama. Mwezi wa Juni na wa Julai kuna alfajiri ambazo umande huganda juu ya majani ya viazi. Pande zote ni misitu ya kupandwa: miwati, ambayo kampuni ya miwati ilianza kuilima mwaka 1949 kwa ajili ya magome yatumikayo kutengeneza ngozi, na misonobari, na mashamba ya chai, na siku hizi maparachichi. Tangu mwaka 2012 Njombe ni mkoa, uliokatwa kutoka Iringa. Wenyeji wa hapo ni Wabena, na jirani zao ni Wakinga, Wapangwa, Wahehe. Asubuhi utasalimiwa Kamwene, na jibu lake linataka adabu na muda.

Katika baridi hiyo kanga si nguo ya akili. Ni nyepesi, ni pamba tupu, haina joto. Mwambao iliundwa kwa ajili ya jasho. Ingetarajiwa kwamba watu wa Njombe wangeiacha kama walivyouacha mnazi, kwa kuwa haiwafai. Lakini tazama sokoni Makambako siku yoyote: mwanamke amevaa sweta, juu ya sweta koti la mtumba lililotoka Ulaya, na juu ya koti, kanga. Imefungwa kifuani au imetandwa mabegani, na nyingine imemfunga mtoto mgongoni, na ya tatu imezungushwa kata kichwani kubebea ndoo ya viazi. Joto linatoka kwenye sweta. Kanga inafanya kazi nyingine.

Ilifikaje? Nguo za pamba zilifika nyanda hizi kabla ya kanga, kwa misafara ya pembe, na merikani na kaniki zikachukua nafasi ya ngozi. Lakini mkondo mkubwa ulipita katika mabega ya wanaume. Enzi ya Waingereza, wilaya ya Njombe ilikuwa moja ya hazina za nguvukazi ya mkonge. Vijana wa Kibena waliandikwa kwa mkataba, wakapewa namba, wakaitwa manamba, wakapelekwa mashamba ya Tanga na kwingineko. Manamba alikwenda kutafuta fedha ya kodi, na mahari ya kuolea. Na alichokirudisha nyumbani, kama alirudi, kilikuwa kile alichoweza kununua katika duka la karibu na kambi: kofia, blanketi, na nguo ya mama yake au ya mchumba. Tanga si mbali na Mombasa. Inawezekana kabisa kwamba neno la kwanza la Kiswahili kusomwa katika vijiji vingi vya Ubena nje ya kanisa na boma lilikuwa neno la nguo. Hili ni dhana, lakini ni dhana inayotembea kwa miguu yake: kitabu cha sala kilikaa mezani, hati ya kodi ilikaa mfukoni, na kanga ilitembea.

Kisha ukaja mkono wa Wachina, na huo ni mkasa wa kupendeza. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kikafuma na kupiga chapa kanga na vitenge kwa pamba ya nchini. Miaka miwili baadaye ikaanza kujengwa TAZARA kwa msaada wa China hiyo hiyo, na mwaka 1976 ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kwa hivyo kanga iliyofika Makambako mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imefumwa na kusafirishwa na marafiki wale wale, na pamba yake pengine ilichumwa Usukumani na mtu asiyewahi kuona mlima wala bahari. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikifundisha watu wazima kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa yakafunguliwa chini ya miti na katika makanisa. Mwanamke aliyekwisha kujua herufi aliporudi nyumbani hakukuta gazeti. Alikuta kanga yake mwenyewe, aliyoivaa miaka mitatu bila kujua inasemaje. Lazima wako waliocheka siku hiyo, na wako waliotafuta maji wakaifua haraka kwa fedheha.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya ukosefu. Sabuni, chumvi, sukari na nguo vilipatikana kwa foleni na kwa kujuana, na mwaka 1983 serikali ikatangaza vita dhidi ya walanguzi. Doti ya kanga ikawa kitu cha kufichwa chini ya godoro. Haikuchaguliwa tena kwa jina. Iliyopatikana ndiyo iliyovaliwa, na mtu aliweza kumzika jirani yake mpendwa akiwa amejitanda mstari wa kusuta. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, mitumba ikaingia kwa marobota. Wengi walitabiri kwamba sasa kanga itakufa. Sketi ya Ujerumani iliyovaliwa mara mbili tu iliuzwa kwa bei ndogo kuliko doti. Mtumba ulishinda vita yote isipokuwa hiyo: uliiua suruali ya fundi cherehani, ukaliua shati la kiwanda, lakini haukuwa na neno lolote nyuma yake ila jina la mtu wa nchi nyingine.

Nguo zenyewe zimebadili makwao mara nyingi. Zilipigwa chapa Uholanzi na Uingereza, kisha India, kisha Japani, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Morogoro na Mwanza, na leo nyingi zinatoka tena India na China. Kanga za nyumba ya Abdulla bado zinatafutwa na wanaojua, na yapo mabegi ya wanawake yaliyohifadhi alama ya K.H.E. kama wengine wanavyohifadhi dhahabu. Lakini Makambako muuzaji atakuwekea mbele yako doti ya nyuzi za plastiki, inayong'aa, yenye rangi ya kutoka kwa maji ya kwanza, na mstari uliowahi kuwa wa Mombasa umeandikwa humo na mtu asiyejua Kiswahili: herufi imepotea, au neno limekatwa mahali pasipo na kituo. Mshairi huona uchungu. Mteja hajali sana, kwa sababu anaujua mstari huo kwa moyo na husoma kile kilichotakiwa kuandikwa.

Dar es Salaam, tangu mwaka 2008, Mustafa Hassanali, mbunifu ambaye kwa masomo yake ni daktari, ameendesha Swahili Fashion Week, na humo kanga imekatwa, imeshonwa, imepandishwa jukwaani ikitembea chini ya taa. Ni kazi nzuri na inawapa vijana riziki. Ila kanga ikikatwa, jina hukatika. Gauni linapita na silabi tatu begani na mbili nyongani, na anayetazama huona pambo la herufi badala ya kauli. Huo si wizi. Ni tafsiri, na kila tafsiri huchagua cha kuacha.

Njombe nayo hukata, kwa namna yake. Mtoto akifungwa mgongoni, mbeleko hukunjwa mara mbili, na mstari wa kanga huzunguka kwapa na kuingia ndani ya fundo. Kinachobaki wazi ni nusu. Japo sipati, inasema kanga ya mwanamke anayeshuka kwenye basi la Songea, na nusu ya pili, ile ya kutokata tamaa, imelaliwa na mtoto. Mwingine ana Usisafirie peke yake, kama onyo la barabara. Katika kituo cha mabasi wenye kiu ya ushairi wanaweza kutumia saa zile mbili za kusubiri wakikamilisha mistari ya watu, na wakigundua kwamba nusu wazi mara nyingine ina ukali kuliko mstari mzima.

Ni vyema kuuliza pia kama kule juu mstari bado ni silaha. Unguja na Mombasa jina la kanga ni mshale. Wanawake wamenunuliana doti kwa kusudi la kuvunjiana heshima, na aliyesutwa hakuwa na pa kushtaki, maana nguo si ushahidi. Mpasho unataka mtaa mwembamba, dirisha linaloangalia dirisha, na watu waliokulia katika Kiswahili kiasi cha kusikia kisichosemwa. Ubena nyumba ziko mbalimbali, kati yake mashamba ya mahindi na miwati, na lugha ya ugomvi wa kweli ni Kibena. Mtu haendi kumtukana jirani kwa lugha ya skuli. Kwa hiyo mistari ya kusuta inapopanda mlima hupoteza sumu, na mistari ya dua na ya shukrani hupata nguvu mpya. Kanga ya kumtaja Mungu au mama hununuliwa kwa wingi, hupelekwa msibani, huwekwa juu ya jeneza, hupewa aliyejifungua. Wapo wa mwambao watakaosema kwamba hiyo ni kanga iliyopoozwa. Lakini wasia wa Mwana Kupona nao haukuwa na mpasho ndani yake, na hatuuiti shairi lililopoa.

Liko deni moja ambalo wenye kuisifu kanga hawapendi kulitaja. Kisiwani Madagaska, nguo ndugu ya kanga, lambahoany, huandikwa methali za Kimalagasi. Wabena wana methali zao, zenye mzigo na mzaha kama zetu, na zimekwisha kuandikwa na wamisionari na wanafunzi wa isimu. Kwenye pindo la kanga hutazikuta kwa kawaida. Mwenye kiwanda anatazama soko la nchi nzima na anaandika Kiswahili. Hesabu yake haina kosa. Lakini maana yake ni kwamba mwanamke wa Njombe, kwa zaidi ya miaka mia moja, amelipa bei kamili kwa diwani ambayo mstari wake hata mmoja haukutoka kinywani mwa nyanya yake. Ameivaa hata hivyo, ameijaza maana zake, amezikia watu wake nayo. Kiswahili hakijawahi kupata msomaji mwaminifu kuliko huyo, na hakuna tuzo ya fasihi iliyomtaja.

Wakati wa uchaguzi humpata pia kanga ya bure, yenye picha ya mgombea na rangi za chama. Nguo inayotolewa bure ina neno lililolipiwa na mwingine, na wanawake wa Makambako wanalijua hilo. Baada ya kura huonekana ikifunika magunia ya viazi.

Turudi basi kwenye yale maneno matatu. Mali ya Abdulla: kwa Kiswahili cha biashara mali ni bidhaa, na alama hiyo haikuwa na makuu, ilimwambia mteja kwamba doti imetoka duka fulani, na ikamwonya jirani mwizi wa mitindo. Mtindo wa pindo aliumiliki. Mpangilio wa rangi, korosho kwenye pembe, duara katikati, vyote alivilipia. Mstari hakuulipia mtu yeyote, kwa kuwa hapakuwa na wa kulipwa. Wanawake waliokuja dukani na maneno vinywani walikwenda zao na nguo mikononi, na hakuna rejista iliyoandika ni nani aliyesema nini. Worth alimwibia mshonaji mdogo asiye na jina nafasi yake, wasema wengine, na nyumba zote za mavazi zimejengwa juu ya mikono isiyotajwa. Nyumba ya Mombasa ilijengwa pia juu ya ndimi zisizotajwa. Tofauti ni kwamba gauni la Worth lilikaa mwishowe katika makumbusho, nyuma ya kioo, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

Makambako, jioni, wauzaji hukunja bidhaa mapema kwa sababu ya upepo. Doti huuzwa ikiwa imekunjwa pande nne, jina likiwa ndani. Mnunuzi hashiki bei kwanza, wala hapimi uzito wa pamba kwa vidole, anauliza, Imeandikwaje? Muuzaji anaifungua kwa mikono miwili, upepo unaishika nguo na kuiinua, na anausoma mstari kwa sauti kubwa ili usichukuliwe, mara moja, halafu mara ya pili kwa yule mama wa nyuma ambaye hakusikia.